Mwezi wa Kufungwa Mashetani

Nusu ya kisa hiki nilihadithiwa na mama, mwaka nilioanza sekondari. Nusu nyingine niliiona mwenyewe nilipokuwa mtoto, katika miaka ya hamsini, nyumbani kwetu Malindi ya visiwani. Mama hakuwa mtu wa kutia chumvi, nami sitaitia.

Dada yangu Zuwena alikuwa na kifafa. Nyumbani neno hilo halikutajwa. Ilisemwa ana shetani wake. Baba alikwisha agana na mganga wa Mkokotoni: baada ya Idi Zuwena apelekwe, apigiwe ngoma usiku kucha, asiachwe kulala mpaka shetani ataje jina lake. Chuoni, alikosoma Kurani, alikwisha tolewa. Mama alimkunjia nguo zake huku akilia chini kwa chini.

Ramadhani hiyo alizidi kuanguka. Wapiga ngoma ya daku wakishapita, nasi tukishaamka kula, alfajiri ilimkuta sakafuni. Asubuhi moja bibi, mzaa baba, alikuwa akimfuta uso. Zuwena akamuuliza:

"Bibi, si mnasema mwezi huu mashetani wote wamefungwa minyororo?"

"Wamefungwa, mjukuu wangu."

"Wangu kamfungua nani?"

Bibi alicheka hadi akashika ubavu. Mashetani aliwaamini mpaka kufa kwake, lakini minyororo ya Ramadhani aliiamini zaidi.

Jioni alimwambia baba, "Mwanangu, huyu si shetani. Mie naona hapati usingizi. Daku yake ale kabla ya kulala, tusimwamshe."

Baba hakupenda, ila hakuwa mtu wa kumpinga mama yake. Kumi la mwisho la Ramadhani ngoma ilipita Zuwena akiwa amelala, nasi tukinyata tusimwamshe. Alianguka mara moja tu. Baada ya Idi, safari ya Mkokotoni ikageuka ya hospitali. Daktari alimpa vidonge na kumwonya asikeshe, kwani mwenye kifafa akikosa usingizi huanguka upesi. Kabla mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, haujaisha, Zuwena alikwisha rudi chuoni.

Nikifikiri sasa, ngoma ya Mkokotoni ingemnyima usingizi, angeanguka, nasi tungesema shetani kapanda na mganga ni hodari. Kilichotuzuia ni imani vilevile, ile ya minyororo, na mtoto aliyethubutu kuuliza.

Baba, mama na bibi wameshatangulia mbele ya haki. Zuwena yu hai, anakaa mtaa wa Mpendae, ana wajukuu, vidonge hajaacha. Ramadhani, ngoma ya daku ikipita mlangoni kwake, huwa amelala.