Mimi na Mholanzi wa Mkopo

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko na kwa makosa ya herufi. Skuli sikwenda mbali, na huko nilikokwenda tuliandika Kiarabu, kwa hivyo mkono wangu umezoea kuanzia kulia. Kiswahili nimekipata jikoni kwa mama zangu, na hakuna aliyenionyesha kinavyoandikwa. Naandika polepole, pengine neno moja nalifuta mara mbili tatu. Mkikuta limekaa vibaya lisomeni kwa sauti, mtalitambua.

Juzi nilikuwa kazini Wattaya, mtaa mmoja wa mji wetu huku kwa Waarabu, kwenye duka la magari, ambako kazi yangu ni kuyasafisha kabla hayajakabidhiwa wenyewe. Nikafungua buti ya gari moja lililokuwa limesimama juani tangu asubuhi. Ndani mlikuwa na begi jipya la nailoni, mtu kalisahau. Harufu ya nailoni iliyopikwa na jua ikanipanda puani, na hapo hapo nikawa mtoto wa miaka saba, nimekaa kiti cha nyuma cha gari la Mjomba Seif, tunatoka kwetu Khuwair ya Kusini tunakwenda Al Khoudh, na nguo zangu zote zimo kwenye buti. Hasira nayo ikanipanda, kama ile ya siku ile, haijapungua hata kidogo.

Kwetu tulikuwa watoto watano katika nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la dobi. Mvuke wa pasi ulipanda kwa madirisha mchana kutwa, na sisi sote tulinuka wanga wa kanzu za watu. Kaka yangu Nasser alikuwa mtundu, televisheni aliivunja kwa mpira. Dada yangu Rayya akilia alilia mpaka anatapika. Wadogo wawili walikuwa bado wanabebwa. Mimi nilikaa nyuma ya mlango na magari yangu ya vifuniko vya chupa, na siku nyingine walisahau kuniita kula.

Mama Mkubwa Zuwena, dada yake mama, hakujaaliwa mtoto. Kwa watu wetu jambo hili lina dawa yake inayojulikana: ndugu mwenye watoto wengi humpa mmoja yule asiye naye, amlee. Hakuna karatasi wala kadhi. Husemwa jikoni baina ya madada wawili, wanaume wakaarifiwa, na mtoto akatiwa garini. Mimi niliambiwa nakwenda kukaa na mama mkubwa kidogo. Lakini nilikuwa nyuma ya mlango wangu, na nilimsikia mama akimwambia Mjomba, "Mchukue huyu. Huyu hana tabu, hatolia."

Nisomeeni maneno hayo tena. Aliyevunja televisheni alibaki. Aliyelia mpaka akatapika alibaki. Nilitolewa mimi kwa sababu sikumsumbua mtu. Mpaka leo sijaona hukumu ya namna hii popote, kwamba asiyekosa ndiye ahamishwe.

Ni kweli sikulia. Lakini Mjomba Seif, ambaye ni mdogo wake mama, na ambaye hakuna kitu duniani asichokifanyia mzaha, aliniona kwenye kioo kidevu kinatetemeka.

"We bwana, uso gani huo? Hujauzwa wewe. Umekwenda kwa mkopo tu, kama yule Mholanzi wetu."

"Mkopo ndo nini?"

"Timu kubwa ina wachezaji wengi, basi inampeleka mmoja timu nyingine akacheze. Msimu ukisha anarudi kwao. Umefahamu?"

Nikafahamu. Nilifahamu kuliko alivyotaka yeye nifahamu.

Mholanzi huyo alikuwa kiungo. Alisimama mbele ya mabeki, akapokea mpira, akautoa kwa mwenzake aliye karibu, basi. Hakufunga magoli, hakuchenga watu watatu, hakuvua jezi kuwakimbilia mashabiki. Mtangazaji wa Kiarabu aliweza kulivuta jina la mshambuliaji mpaka pumzi ikamwisha, lakini jina la huyu alilitaja kama mtu anayesoma nambari ya simu. Alikulia timu ndogo kwao Uholanzi, timu kubwa ya Uingereza ikamnunua angali kijana, kisha haikumchezesha. Mwaka ule ilikuwa imempeleka Ujerumani.

Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa kubwa na kimya. Asubuhi ulisikia mabasi ya chuo kikuu yakipita, baada ya hapo kiyoyozi tu mpaka magharibi. Mumewe alifanya kazi hapo chuoni, akirudi alikula, akasoma gazeti, akalala. Nilipewa chumba peke yangu. Watu nikiwaambia haya husema nilikuwa na bahati. Mtoto aliyezoea kulala baina ya miguu ya ndugu zake, ukimpa chumba peke yake, haoni chumba. Anaona kwamba hawapo.

Nilimwomba Mama Mkubwa kitu kimoja tu, chaneli ya mpira. Akenda akainunua siku ile ile, ijapokuwa mumewe hakupenda mpira na yeye mwenyewe hakujua goli la nani liko upande gani. Mechi zikianza alileta sinia ya kahawa na vitumbua, akakaa zuliani kando yangu, ananuka udi.

"Wako yupi?"

"Yule wa jezi ya mikono mirefu."

"Mbona hawampi mpira?"

"Wanampa. Anautoa mara moja."

"Masikini, ana adabu," alisema. "Si yule mwenye nywele, kaung'ang'ania kama kaachiwa na babake."

Akawa hivyo kila wiki. Na kila ulipokaribia mwezi wa nne alikuwa akiniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki, "Hii ligi yenu nnaona haishi. Inakwisha lini?" Nikamwambia, mwezi wa tano. Akasema, "Aa," akaenda jikoni. Nilidhani amechoka na kelele.

Mwaka wa kwanza, mechi ya mwisho ilipomalizika, nilikunja nguo zangu zote, nikavaa viatu, nikakaa ukumbini. Hakuna aliyekuja. Nikampigia Mjomba Seif.

"Mholanzi karudi kwao?"

"Karudi."

"Na mimi?"

Akacheka. "Subiri, bwana. Dirisha la usajili bado liko wazi."

Nikasubiri miezi yote ya joto. Mwezi wa nane Mholanzi akapelekwa tena kwa mkopo, safari hii timu moja ya kwao Uholanzi, na mimi nikabaki Al Khoudh. Mwaka uliofuata akapelekwa Uhispania, timu ndogo ya mji wa milimani. Nikabaki. Kwangu mambo haya yalikuwa yamefungwa kwa kamba moja. Akiitwa yeye, nitaitwa na mimi.

Ijumaa walinipeleka kwetu kula mchana. Mama alinipakulia mwenyewe, kipande kizuri cha nyama juu ya wali wangu, na huku ndugu zangu wanagombania mifupa kwenye sinia. Nilikichukia kile kipande. Mtoto wa nyumbani hapakuliwi. Nilikuwa nakula chakula cha mgeni nyumbani kwetu, na baada ya alasiri ananijia mtu kunirudisha.

Joto la tatu Mholanzi alirudi timu yake kubwa, na mwalimu akamchezesha. Mechi zote za kirafiki alianza yeye, moja akafunga goli, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Idi ikaangukia siku hizo hizo. Asubuhi ya Idi nilikunja nguo zangu, nikalitia begi kwenye buti ya Mama Mkubwa. Alikuwa amesimama mlangoni, akaniona. Hakuniuliza kitu. Aliendesha mpaka Khuwair hakufungua hata redio.

Ukoo mzima ulikuwa kwetu. Baada ya biriani nikashuka, nikalichukua begi, nikaliweka katikati ya ukumbi.

"La nini hili, mwanangu?" mama akauliza.

"Msimu umekwisha."

Wakatazamana. Mjomba Seif ndiye aliyefahamu kwanza. Akaweka kikombe chini, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akawasimulia wote, na kicheko kikatoka kwa wanaume kikaingia kwa wanawake. Nasser akasema, "Kocha kamwita mazoezini," wakacheka tena.

Mimi, ambaye hata salamu nilizitoa ndani ya pumzi, nikasema kwa sauti, "Mimi sikuulizwa."

Mama akaja akachutama mbele yangu. "Haya, leo nnakuuliza. Unataka kurudi kwetu, au unataka kukaa na mama mkubwa wako?"

Mama Mkubwa alikuwa amesimama hapo hapo, mkononi ana sahani ya halwa.

Nauliza, huko ni kuulizwa? Nikisema narudi, nimemvunja uso mwanamke huyu mbele ya ukoo wake wote siku ya Idi. Nikisema nakaa, nimejitoa mwenyewe kwa mdomo wangu. Watu wazima wote wale hawakuweza kulimaliza jambo lao, wakampa mtoto wa miaka kumi alimalize yeye, na papo hapo. Nikatazama zulia.

"Kanyamaza," Mjomba akasema. "Bibi harusi akinyamaza karidhi. Mwozesheni."

Wakacheka tena, kahawa ikazungushwa, na jambo likawa limekwisha.

Tulipokuwa tunarudi, kwenye taa kabla ya kuingia barabara kuu, Mama Mkubwa akasema bila kunitazama, "Mimi sikucheka." Nilijua. Nilikuwa nimemwangalia.

Wiki chache baadaye Mholanzi aliuzwa moja kwa moja kwa ile timu ya milimani. Picha yake ikaonyeshwa ameshika jezi mpya, anatabasamu. Nikazima televisheni. Nilimchukia kwa tabasamu lile. Nilisema, wewe mtu mzima, una mdomo, una waandishi mbele yako, mbona husemi kwamba wamekuzungusha kama mzigo na hawakukuuliza?

Mwaka huu amestaafu. Amemalizia hapo hapo milimani, na kitambaa cha unahodha mkononi. Nilimwona kwenye simu ya Wekesa, Mkenya ninayefanya naye kazi, tulipokaa kivulini kula. Nikamwambia huyu mtu walimwonea, walimkopesha huku na huku bila kumuuliza.

"Wacha wewe, sadiki," Wekesa akasema, ananiita rafiki kwa Kiarabu. "Mchezaji lazima asaini. Akikataa, hakuna mkopo, hata klabu iwe kubwa aje."

"Kila mara?"

"Kila mara. Huyo alikuwa anataka kucheza. Angekaa Uingereza angeoza kwa benchi."

Nikamrudishia simu yake. Basi mwenzangu yule aliulizwa. Alikwenda Ujerumani kwa kalamu yake, akarudi Uholanzi kwa kalamu yake, na milimani alikwenda kwa sababu walimtaka na yeye akawataka. Tabasamu lake lilikuwa la kweli. Kwa mkopo bila saini nilikwenda mimi peke yangu.

Na nilipoanza kulifungua jambo hili likafunguka na upande mwingine. Nilimuuliza Mjomba Seif, akaniambia, bado anacheka, kwamba ule mzaha wa garini alimsimulia na Mama Mkubwa wiki ile ile. Kwa hivyo aliujua tangu mwanzo. Kila mwezi wa nne, mwanamke yule aliponiuliza ligi inakwisha lini, alikuwa anauliza nitamwacha lini. Alininunulia mwenyewe chaneli, akakaa na vitumbua kutazama pamoja nami siku zangu za kuondoka zinavyokaribia. Watu wawili katika nyumba moja waliishi kwa hofu miaka mitatu, kila mmoja kivyake, na mwenye mzaha wake alikuwa anacheka tu.

Nampenda Mama Mkubwa. Naishi kwake mpaka leo, na nikiumwa ni mkono wake ninaoutaka kichwani. Watu hulishika hili wakanipiga nalo: lakini umelelewa vizuri, lakini hukukosa kitu. Sijasema nimelelewa vibaya. Nasema jambo jingine, na wao hunijibu lile ambalo sijalisema.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika mwezi huu. Ijumaa iliyopita tulikuwa Khuwair. Nasser, ambaye sasa ni baba, akasema mkewe ana mimba ya nne na nyumba imejaa. Mama akasema binamu yake wa Sohar yuko peke yake, hana mtoto. Wakatazamana kidogo, na jina la Shamsa likatajwa. Shamsa ni binti wa Nasser, ana miaka sita.

"Mmemuuliza?" nikasema.

"Mtoto wa miaka sita anaulizwa nini, we?" Nasser akanijibu.

Mama akanigeukia kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi. "Kwani wewe ulipata hasara gani?"

Nikainuka. Nilimkuta Shamsa peke yake ngazini, anamfunga mwanasesere kanga. Nikakaa kidato cha chini yake ili macho yetu yawe sawa, nikamwambia bila kuzunguka, kwamba wanataka aende akakae Sohar kwa bibi mmoja mzuri, na baba na mama watabaki hapa. Nikamuuliza, "Wewe unataka?"

Alifikiri. Akaikaza kanga ya mwanasesere.

"Nikisema sitaki," akasema, "ndo siendi?"

Sikuweza kumwambia ndiyo. Nilitaka, lakini nisingeweza kulisimamia neno hilo, na mtoto huyu haongopewi. Akaningoja, akaona sisemi, akarudi kwenye kanga yake.

Wanataka kumpeleka skuli zikifungwa. Nyinyi mliowahi kupelekwa, na nyinyi mliowahi kupeleka mtoto, niandikieni. Sitaki pole, na mwandiko wenu ukiwa mbaya kama wangu si kitu, nitausoma polepole. Nambieni kama mnaijua nyumba hata moja ambayo mtoto alisema hapana na watu wazima wakasikia, na walifanyaje. Andikeni mapema. Shamsa bado hajajibiwa.