Alama ya Ikishindikana

Vidole vya mwalimu mwenzangu vilianza kufa ganzi muhula uleule kompyuta ilipofika shuleni kwetu, nje kidogo ya Litein. Wageni wa kanisa ndio walioiacha, pamoja na boksi la disketi. Ndani ya disketi moja kulikuwa na lugha ya kuandikia programu ambayo mimi sikuwa nimewahi kuiona. Yeye alikuwa ameionja chuo kikuu. Haikuwa na amri za fanya hiki kisha kile. Kila kitu kilikuwa fanksheni, kama zile tulizofundisha kidato cha tatu: unaipa kitu, inakurudishia kitu.

"Hii ni hesabu tupu, Madam," aliniambia.

Mwalimu mkuu alitukubalia tuitumie mradi tumtengenezee ratiba ya masomo, kwa sababu kila Januari masomo yaligongana na walimu wakagombana. Basi jioni, wanafunzi wakiwa michezoni, tulikaa kwenye stoo ya vitabu tukachapa.

Kufikia Mei alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Katika stafrumu mtu alikipaka kikombe cha mwenzangu rangi ya kucha chini ya mshikio, ili wengine wasikichukue kwa bahati mbaya. Alikigeuza, akakitazama, akamimina chai akanywa.

Kuchapa kulimtesa. Katika lugha ile jina la fanksheni hutangulia, vitu vyake hufuata, na kila kilichopangwa ndani ya kingine hufungwa kwa mabano. Mabano yalimchosha kuliko kitu chochote. Kidole kilikosa kitufe, akafuta, akakosa tena. Nikamwambia nitachapa mimi, yeye aseme tu.

"Hapana. Tutunge alama zetu."

Ndipo nilipojifunza kwamba lugha ile inakuruhusu kutunga alama yako mwenyewe na kuiweka katikati ya vitu viwili, kama vile alama ya kujumlisha inavyokaa kati ya namba. Tulitunga mbili. Mikwaju miwili ilimaanisha "ikishindikana": jaribu cha kushoto, kikikataa chukua cha kulia. Ile ya "na" ilidai vyote viwili vikubali. Sentensi iliyokuwa imejaa mabano ikawa mstari mfupi: Kemia Jumatatu, ikishindikana Jumanne na maabara iwe wazi. Alichapa mwenyewe, taratibu, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Lakini ratiba ilitoka vibaya. Kemia ya kidato cha pili ilikosa nafasi Jumatatu ilhali madarasa yalikuwepo. Tulihangaika mpaka yeye akaona.

"Hatujaiambia ipi inashika kwanza," alisema. "Kuzidisha kunatangulia kujumlisha kwa sababu watu walikubaliana. Hizi zetu hakuna aliyekubaliana nazo. Tukinyamaza, mashine inazipa nguvu sawa, inafunga kuanzia kushoto. Imeelewa Jumatatu au Jumanne, na siku yoyote lazima maabara. Sisi tuliitaka maabara Jumanne tu."

Tukaongeza juu ya faili mistari miwili: "ikishindikana" ngazi ya pili, "na" ngazi ya tatu, yenye ngazi kubwa hushika kwanza. Kemia ikapata Jumatatu yake.

Alifariki likizo ya Agosti. Tulimzika kwa mama yake, ng'ambo ya mashamba makubwa, mvua ikinyesha. Walimu waliokuja walikuwa wachache. Mama yake, aliyechuna chai ya kampuni tangu ujana wake, alinishika mkono.

"Wewe ndiye wa ile mashine?"

"Ni mimi, mama."

"Alikuwa akija hapa anapiga vidole juu ya meza. Nikimuuliza, anasema anafanya mazoezi visimsahau."

Nilikaa naye mpaka watu walipoanza kuondoka.

Muhula ulipofunguliwa mwalimu mkuu alitaka ratiba. Nilimwomba anipe siku chache. Akasema mwalimu mwingine hatapatikana mwaka huo, nimwondoe marehemu kwenye faili niendelee. Nikafuta jina lake. Mashine ilikaa muda mrefu, kisha ikaandika kwamba hakuna ratiba inayowezekana. Ilikuwa imejaribu kila kilichokuwa kushoto na kila kilichokuwa kulia. Vipindi vyake vya kidato cha nne havikuwa na mtu.

Nilitoka nje nikasimama ukutani. Moshi wa kiwanda cha majani chai ulikuwa umelala bondeni, na wasichana walikuwa wakifagia uwanja. Niliporudi niliweka jina langu palipokuwa lake katika hesabu ya kidato cha nne, juu ya vipindi vyangu vyote, kisha nikaendesha programu tena. Ratiba ikatoka.

Kesho yake asubuhi niliingia darasani kwake. Walisimama wakanisalimu, na msichana wa mbele akaniuliza kama watamaliza silabasi. Nikamwambia tutajaribu, nikafuta ubao.