Plagi Iliyomwunguza Fundi Redio

Kazi ya kutengeneza redio ilimpa Fundi Redio vitu viwili: mgongo uliopinda na jina. Jina alilipenda kuliko chakula, maana mdogo wake, seremala, alijaliwa vingine vyote: sura, meno, sauti, na mama aliyemsifu hata akipiga chafya.

Sasa seremala huyo kaunda kindege cha mota ya betri, kinachoendeshwa kwa rimoti. Mabawa kayachonga kwa mbao nyepesi hadi yanapitisha mwanga. Fundi Redio alipokiona mara ya kwanza, kijicho kilimpanda. Alikubali kuunganisha nyaya, lakini alizichomelea harakaharaka, ilimradi kiondoke machoni pake.

Mwezi haujaisha, siku moja kabla ya kukirusha mbele ya ndugu wote, mdogo mtu akarudi nacho kibandani kwa Fundi. Wateja wawili walikuwa wakisubiri redio zao.

"Kaka, nimekuletea mgonjwa. Chini ananguruma vizuri, akianza kupanda tu anaishiwa nguvu."

"Mota zenu za bei poa hizo," akajibu Fundi, moyoni akichekelea. "Haya, kiache."

Akapima betri: imejaa. Akafunga propela ndogo isiyoielemea mota: afadhali kidogo, basi. Akakishika mkia, akakiachia nguvu zote. Baada ya nusu dakika propela ikaanza kuzubaa. Akazima, akafanya lile alilomfundisha kila aliyepita kibandani pake, mdogo wake akiwa wa kwanza: akapitisha kidole kwenye kila kiungo. Penye moto ndipo penye ugonjwa. Mota, vuguvugu. Betri, vuguvugu. Plagi iliyounganisha betri na nyaya za mota ikamwunguza.

Akaifungua. Risasi ya kuchomelea ilikuwa imeshika juujuu, waya umeshikiliwa na nyuzi tatu tu, umeme ungepitaje? Na kazi ile ilikuwa ya mkono wake.

Aibu ilimshika, halafu hofu. Mtu mwenye jina tu akilipoteza, atabaki na nini? Akachomelea upya, taratibu safari hii, akafunika.

"Mota ilikuwa na uchafu," akamwambia mdogo wake jioni.

Kesho yake kindege kilipanda hadi shingo zikauma. Fundi Redio akajikunyata pembeni, akingoja sifa ziende kulekule zinakokwenda siku zote. Seremala akapaza sauti: "Asingekuwa kaka, hizi zingekuwa kuni!" Watu wakamgeukia Fundi. Mama akamshika mkono mbele ya wote, akamwita fundi wa mafundi. Siku hiyo aliisubiri miaka arobaini, na ilipofika hakuweza kuifurahia.

Walipobaki wawili wakikunja vifaa, uzalendo ukamshinda.

"Mdogo wangu, haukuwa uchafu. Ni plagi. Nililipua kazi, nikachomelea harakaharaka."

"Najua, kaka. Niliigusa kabla sijakuletea. Ilikuwa ya moto."

"Mbona hukusema?"

"Pale kibandani palikuwa na wateja."

Fundi Redio akainamia nyaya zilizokwisha kukunjwa, akazikunja tena. Hata uungwana kapewa yeye! Wivu ukamrudia, mkali kuliko wa mwanzo.