Sakafu ya Chumba cha Mpishi

Siku ile ya Makambako, mwanangu, nikiikumbuka damu bado inanichemka, ingawa mvi zimenijaa. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Mlowezi mmoja alikuwa na chumba cha viazi kilichochimbwa chini ya nyumba yake, akaamua mpishi wake alale humo. Mpishi mwenyewe ni Mzee Sanga, Mkinga mrefu, rika la babu yangu. Saruji ya mle ndani ilikuwa ya baridi, inatoa majimaji, na miguu ya mzee ilikwisha kuvimba.

Mimi na mjomba wangu, seremala wa Njombe, tukaitwa tutandike sakafu ya mbao. Nyapara wa yule mlowezi akatuonyesha maboriti manene. "Lazeni haya juu ya saruji, pigilieni mbao, basi."

Mjomba akaitazama dari, ilivyokuwa chini. Akayapanga maboriti bila msumari, akaweka mbao juu, akaita, "Baba, hebu njoo usimame hapa."

Mzee akapanda. Kichwa kikagonga dari, shingo ikapinda. Nyapara akacheka: "Ataingia ameinama. Si ndivyo mnavyosalimiana?"

Loo! Kwetu Ubena kijana huchutama mbele ya mkubwa, akamwamkia "Kamwene," na mkubwa humwitikia. Heshima hiyo ni ya mtu kwa mtu. Leo mzee wa watu aiinamie dari kila akiamka! Na yeye, maskini, anasema, "Nitazoea, wanangu." Neno hilo liliniuma kuliko kile kicheko.

"Huzoei kitu!" mjomba akafoka. "Na wewe nyapara, una baba wewe?"

Akayatupa maboriti nje. Tukaikausha saruji kwa majiko ya makaa, milango wazi, tukaipaka lami ya moto, tukabandika juu yake vipande vyembamba vya mbao ya mninga. Tulitambaa kwa magoti, nyapara akitutukana kwamba tunachelewesha. Tulipomaliza, Mzee Sanga akashuka, akasimama wima. Nywele ziligusa dari, lakini alisimama.

Sasa ninyi! Mnajenga nyumba za fahari, halafu msichana wa kazi mnamlaza stoo, eti atazoea. Nani kawaambia? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye kovu usidhani kapoa. Mwanangu, kabla hujampa mtu chumba, mwite asimame humo kwanza. Akikuambia atazoea, ona haya, bomoa, anza upya. Mungu akujalie mikono isiyomdhili mtu, na uzee wako uangukie kwa watu wenye adabu.