Fremu Mbili za Titani kwa Mama Spoki

Wapo watu ambao jasho lao ni maji tu, likikauka, limekauka. Mzee Chumvi hakuwa mmoja wao. Jasho lake yeye lilikuwa linakula chuma, na katika hili mimi siongezi hata punje.

Alikuwa fundi nguo. Katika chumba chake cha kushonea, sindano aliyoianza Jumatatu ilikuwa na madoa ya kutu kabla ya Ijumaa. Mikasi aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila alipoiweka mezani, na viganja alivipaka vumbi la chaki kabla ya kugusa kitambaa cha mtu. Wateja walidhani ni madaha ya ufundi. Mkewe, aliyefua mashati yake kwa miaka thelathini na minane, ndiye aliyejua ukweli: kola zikishakauka zilisimama zenyewe bila wanga.

Jina la Chumvi alipewa na wenzake wa baiskeli. Enzi hizo walikuwa saba. Kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi walikutana kwenye kona ya kituo cha mafuta, wakaenda kilomita thelathini na kurudi thelathini, wakipanda mlima mmoja mrefu walioubatiza Mama Mkwe, kwa sababu hata ufanye nini humridhishi. Wenzake walitoka huko wamechoka. Chumvi alitoka amechoka, na baiskeli yake imeanza kuugua. Jasho lilidondokea bomba la juu, likapenya chini ya rangi, rangi ikaota malengelenge, na chini ya malengelenge kutu ikawa inajilia taratibu. Fremu tatu za chuma alizimaliza hivyo. Ya tatu ilikatika chini ya kiti kama muwa, barabara tambarare kabisa, mwenyewe akiwa ameinua mkono kumsalimia jirani. Hakuumia, ila jirani alisimulia mtaa mzima.

Tangu siku hiyo ulikuwa mwaka wa nne sasa, hana baiskeli. Kati ya wale saba, wawili walikuwa wamefariki, mmoja kahama, mmoja kanenepa hadi baiskeli ikamkataa, mwingine wajukuu wamemteka. Waliobaki ni Chumvi na shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva mstaafu aliyeitwa Kengele kwa kuwa baiskeli yake haikuhitaji kengele, mdomo ulitosha. Kwa miaka hiyo minne Kengele alikwenda peke yake kila Jumapili, akirudi anapitia kwa dada yake kunywa chai na kusimulia njia nzima, kana kwamba anampelekea mgonjwa chakula.

Hadi siku moja mwanzoni mwa mwezi alipokunywa chai bila kusimulia chochote.

"Shemeji," alisema, na safari hii kwa sauti ya chini, "kuendesha peke yangu ni kama kula peke yangu. Nashiba, lakini ladha siisikii. Mwezi huu ukiisha hujapata fremu, na mimi naitundika yangu ukutani. Tununue bao, tukae kibarazani, tuzeeke kama watu wengine."

Angesema kwa kelele, Chumvi angecheka. Kwa jinsi alivyoisema, usingizi ulimpaa siku mbili.

Na fremu aliyoitaka Chumvi ilikuwa ya aina moja tu. Alipokuwa na miaka ishirini na sita, mgeni mmoja mrefu aliyepita mjini kwa siku chache aliwapita wote saba juu ya Mama Mkwe kama vile wamesimama kupigwa picha. Kileleni akawangoja. Baiskeli yake haikuwa na rangi hata tone. Ilikuwa ya kijivu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga ikaachwa juani. Mgeni akatoa taulo, akajifuta uso na shingo, kisha kwa taulo lile lile lililolowa akaanza kuipangusa fremu.

"Kaka, usifanye hivyo!" Chumvi alipiga ukelele. "Itashika kutu!"

Mgeni akacheka. "Hii ni titani. Haina habari na kutu. Njoo uijaribu."

Chumvi akaipanda hatua kama hamsini kwenda na hamsini kurudi. Miaka thelathini na saba imepita, na bado akikaa kwenye cherehani, mguu ukiwa kwenye kanyagio, kuna saa huzihesabu zile hatua. Baiskeli ilikuwa kubwa, ndefu, ikikunyoosha ukawa kama mshale. Alipoirudisha, alisema moyoni: siku moja.

Ndipo Mama Spoki alipotuma ujumbe. Mama huyu alikuwa fundi baiskeli, mwanamke wa miaka kama hamsini, duka lake liko nyuma ya gereji, na jina lake lilitokana na kunyoosha magurudumu kwa sikio. Aligonga spoki kwa kucha akakwambia ipi imelegea. Ujumbe ulisema hivi: nimepokea mzigo wa baiskeli kuukuu, ndani yake zimo fremu mbili za titani za zamani, wahi Jumamosi.

Jumamosi asubuhi Chumvi alivaa shati zuri. Mkewe alimtazama kutoka mlangoni.

"Mzee wangu, unakwenda kununua baiskeli au ujana?"

"Kwani havikai duka moja?" alijibu, akatoka mbio kabla hajajibiwa.

Duka la Mama Spoki lilinuka mpira na grisi. Magurudumu yalining'inia darini kama nyungo, na katikati ya sakafu kulikuwa na stendi nzito ya chuma aliyoitengeneza mwenyewe. Fremu mbili zilikuwa kwenye kulabu, bega kwa bega. Ndogo ilikuwa imefifia, ina mikwaruzo, na nyuma kulikuwa na kovu pale mnyororo ulipowahi kuruka ukaing'ata. Kubwa ilikuwa safi, kijivu kile kile, urefu ule ule. Chumvi alisimama chini yake, mdomo wazi.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Spoki.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Chumvi, lakini marahaba ilikwenda kwa fremu.

Kengele, aliyekuja naye, akamkonyeza fundi. "Huyu leo hata ukimuuzia ngazi atachukua."

Mama Spoki hakuwa mtu wa kuharakishwa. Aliziteremsha zote mbili, akalowesha kitambaa kwa spiriti, akafuta kila mahali bomba lilipoungana na bomba. Alieleza akifanya: spiriti hukauka upesi kwenye chuma kizima, lakini palipo na ufa, hata kama ni mwembamba kama unywele, hubaki mstari mweusi. Wakainama wote watatu, vichwa vimegusana, wakatazama ikikauka. Hakuna mstari. Kisha akataka kamba ya kupimia kama fremu hazijapinda. Chumvi akachomoa mfukoni uzi wa kushonea jinzi. Fundi nguo haendi popote bila uzi. Wakaufunga nyuma upande mmoja, wakauzungusha mbele na kuurudisha upande wa pili. Nafasi kati ya uzi na fremu, kulia na kushoto, zilikuwa sawasawa. Fremu zote mbili zilikuwa nzima.

"Basi tumemaliza," alisema Chumvi. "Nachukua kubwa. Namba ya fremu yangu ni hamsini na saba."

"Nani kakupima?"

"Hiyo ndiyo namba yangu."

"Nasikia. Ulipimwa lini?"

Kengele akajibu badala yake. "Alipopimwa, mimi nilikuwa na nywele."

"Wewe nyamaza, shemeji. Miguu yangu haijakatwa. Ni ile ile."

"Miguu haina neno," alisema Mama Spoki. "Mimi nauliza mgongo. Tena upesi kidogo, maana saa nane anakuja yule muuza dawa mrefu, naye anatafuta titani. Utakayoiacha anaondoka nayo."

Chumvi alikunja uso. Mama Spoki hakubishana. Aliibana fremu kubwa kwenye stendi, akaichomekea kiti na usukani, akapigapiga kiti kama anayemkaribisha mgeni.

"Kwangu kuna sheria moja. Unapanda, unakaa muda wa mimi kuziba pancha moja ya mtu. Na unaongea. Mteja akinyamaza, najua anaficha maumivu."

Akachukua tairi, akakaa kwenye kigoda.

Chumvi akapanda. Lo! Akajinyoosha, mikono mbele, mgongo bapa, na kwa dakika mbili alikuwa na miaka ishirini na sita. Kengele mwenyewe alikiri kwamba alipendeza. "Kama kwenye kalenda," alisema. Chumvi akaanza kusimulia habari ya mgeni na Mama Mkwe, jinsi walivyopitwa, nani alitukana, nani alitapika. Mama Spoki alichomoa mpira, akautia kwenye beseni la maji, akatafuta mapovu. Simulizi ilifika katikati ya mlima. Hapo ikaanza kukatikakatika. Alipumzisha mkono wa kulia, akaurudisha. Akapumzisha wa kushoto. Mama Spoki alikuwa anasugua mpira kwa msasa, hata gundi hajapaka.

"Ehe, halafu?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Halafu... alitungoja kileleni."

"Ehe."

Kimya. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, vile vile vinavyoshika sindano. Chumvi aliviminya kwa siri kwenye usukani. Kengele aliona, akajifanya anahesabu magurudumu ya darini.

"Niko sawa," alisema Chumvi.

"Sijakuuliza," alijibu Mama Spoki.

Alipoteremka, pancha ikiwa bado haijazibwa, shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Akasimama kando akijinyoosha kiuno, na kilichomkera si maumivu. Kila wiki mlango wake uliingiza mwanamume mwenye tumbo la heshima akisema, "Fundi, kiuno changu thelathini na mbili, andika tu." Chumvi hakuwahi kumbishia hata mmoja. Aliitikia kwa adabu, akazungusha futi, akaandika ukweli. Jioni alimsimulia mkewe, wakacheka. Miaka arobaini ameinama juu ya cherehani akiwapima watu, na hajawahi kuwaza cherehani imemfanya nini yeye.

"Panda ile nyingine," alisema Kengele taratibu.

"Ile ya mtoto wa shule?"

"Panda, shemeji yangu. Kwa heshima ya dada yangu."

Mama Spoki alibadilisha fremu, akachukua tairi nyingine. Chumvi akapanda amenuna. Mikono ilifika kwenye usukani bila kuombwa. Hakujiona mshale, alijiona mtu aliyekaa. Ili amalize sheria ya watu, akaendelea na simulizi pale ilipokatikia: taulo, ukelele wake, hatua hamsini. Kutoka hapo akakumbuka ile Jumapili mvua ilipowanyeshea hadi wakajibanza kwenye banda la kuku, na yule mwenzao marehemu aliyebeba mkate ndani ya fulana, na jinsi walivyougawana vipande saba, na ugomvi wa nani alipewa kidogo. Kengele akadakia kwamba ni yeye. Chumvi akasema mwongo, wewe ulipewa viwili. Wakabishana. Wakataja majina ya wote saba, moja moja, wakicheka, na kwa wale wawili wakaongeza "marehemu", wakaendelea.

"Mzee," alisema Mama Spoki.

"Ngoja, sijafika kwenye..."

"Mzee Chumvi. Hii ni pancha ya tatu."

Akatazama. Tairi tatu zilikuwa zimepangwa ukutani, zimejazwa upepo. Akatazama vidole vyake. Vyote kumi vilikuwa hai.

Hakushuka haraka. Macho yake yalikwenda kwenye ile kubwa iliyokuwa imeegemea meza, yakakaa hapo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Mwishowe akashuka, akaiendea, akaishika bomba la juu kwa viganja viwili vilivyolowa, vya chumvi, kama unavyomshika mtu unayemsindikiza kituoni.

"Huyo muuza dawa," aliuliza, "anapanda milima kweli, au anaitaka kwa ajili ya sebule?"

"Anapanda. Namfahamu."

"Basi apewe." Akaiachia. "Mimi nifungie hiyo ndogo. Na usukani uuinue kidogo, nisijifanye kijana."

Jumapili iliyofuata walikutana kwenye kona ya kituo cha mafuta. Kengele alitaka saa kumi na mbili kamili kama zamani, Chumvi akasema kumi na mbili na nusu, viungo navyo viamke. Walikwenda polepole. Vijana wa kundi jingine waliwapita wakiwapungia, nao wakapunga. Katikati ya Mama Mkwe, pumzi za Kengele zikaisha, na maneno yakaisha pamoja nazo, jambo ambalo halikuwahi kutokea mlimani hapo. Wakashuka, kitu ambacho katika miaka yote ile hakuna kati ya saba aliyethubutu kukifanya, wakakaa kwenye ukuta mfupi wa mawe kando ya barabara.

Chini yao lilionekana bonde zima: mto mwembamba, nyumba mbili za bati, mtu anaanika nguo.

Kengele alitazama, akahema, akatazama tena. "Shemeji, hivi huu mto ulikuwepo?"

"Sijui," alisema Chumvi. "Mimi nilikuwa naangalia gurudumu lako la nyuma."