Mashine Iliyotaka Iachwe

Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio mjini Migori, na ugonjwa wa kutoacha kitu. Nikikaza skrubu, nairudia. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Ufundi nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vilivyochanika, kwa hiyo kila nilichokijua nilikishuku.

Alhamisi moja dada yangu mkubwa, muuguzi wa zahanati huko Muhuru Bay, aliniletea redio ya mawasiliano. Ndiyo waliyotumia kuita gari la wagonjwa kutoka Homa Bay; simu haikuwepo.

"Masafa yamehama," alisema. "Juzi nina mama wa kujifungua, naita gari, wao wanacheka. Eti sauti yangu inawafikia kama ya bata."

"Alipona?"

"Kwa maombi. Jumapili asubuhi naichukua. Na usiniletee mchezo wako wa kurudia-rudia."

Kuirekebisha kulihitaji mawimbi ya kupimia. Nilikuwa na jenereta kuukuu ya mawimbi, si ile ya umeme, iliyolala stoo miaka mingi. Ndani yake mna kristali inayotetemeka kwa kasi moja tu. Pembeni kuna sakiti inayoweza kutetemeka kwa kasi yoyote, ila haina msimamo. Ukichagua masafa, mashine huyagawanya mawimbi ya sakiti hiyo kwa namba uliyoweka, kisha huyalinganisha na ya kristali. Yakichelewa, volteji huisukuma sakiti. Yakitangulia, huirudisha nyuma. Ukitaka masafa mengine, namba ya kugawanya ndiyo inayobadilika, kristali haiguswi. Mwalimu wa kwaya yetu alifanya hivyohivyo bila kinanda: alitoa sauti moja, akawavuta besi na soprano mpaka wakae. Lakini mwalimu akipotoka, kwaya nzima inapotoka naye.

Kristali yangu ilikuwa imepotoka. Nilifungua redio ya masafa mafupi kwenye kituo cha ng'ambo ambacho masafa yake hayahami, nikaiweka jenereta kwenye masafa hayohayo. Mawimbi mawili yakitofautiana unasikia mluzi. Yakikaribiana, mluzi unashuka mpaka unakuwa mdundo wa polepole. Ijumaa kutwa niligeuza skrubu ya kristali, kifuniko kikiwa wazi ili niifikie upesi. Mluzi unashuka, nashusha pumzi, mara unapanda. Nageuza. Unapanda tena. Chai ilipoa.

Jua likikaribia kuzama, mama akasimama mlangoni. Sisi ni Wasabato.

"Nyathina, mwanangu, funga. Sabato inaingia."

"Mama, mgonjwa anaweza kufa."

"Yuko wapi huyo mgonjwa, chini ya meza?"

Nikageuza skrubu tena.

"Zima."

"Nikizima nitaanza upya."

"Basi iwake. Ifunike, panya wasiingie. Na mkono wako usiiguse mpaka kesho jua lizame."

Kanisani sikusikia hubiri. Vidole vyangu viligeuza skrubu hewani mpaka mama akanifinya.

Jumamosi jua lilipozama nilikimbia kibandani. Mluzi ulikuwepo, lakini haukuhama. Nikasubiri. Haukuhama. Ndipo nikaelewa. Kristali ile hukaa ndani ya kijisanduku kinachoipasha joto, na joto hilo huchukua muda mrefu kutulia, hasa baada ya kulala stoo. Mimi niliiwasha Ijumaa tu, na kutwa nikaiachia upepo kwa kifuniko wazi. Nilikuwa nakimbiza joto, nikidhani narekebisha kristali. Niligeuza skrubu mara moja tu. Mdundo ukawa wa polepole kuliko pumzi yangu, ukabaki hapo. Kwa mawimbi hayo nikairekebisha redio ya zahanati, na Jumapili dada akaichukua.

Jumatatu nilikuwa nimetega sikio kwenye masafa yao.

"Homa Bay, Homa Bay, nina mama hapa, uchungu tangu alfajiri. Leteni gari."

Ilikuwa sauti ya dada, na ukali wake wote.

"Muhuru, tumekupata. Linatoka sasa."

Jenereta ilikuwa bado inawaka mezani, imefunikwa. Nilishika bisibisi, nikahisi labda imehama, pengine, kidogo tu. Nikairudisha bisibisi sandukuni, nikaikalia mikono yangu.