Nyimbo Nne, Gogo Moja

Nilikwenda Usinge kwa siku moja, nikakaa kumi na saba.

Kwanza niseme mimi ni nani, maana watu wa Gongoni, mjini Tabora, wananijua lakini msomaji hanijui. Nina stashahada ya ufundi wa majokofu. Sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili. Niliuza maji baridi stesheni ya treni, nikajilipia ada mwenyewe, na stashahada hiyo ikanifikisha Uskoti, ambako nilitunza maghala ya kugandishia samaki kwa miaka tisa. Nilirudi Tabora kwa hiari yangu. Nimejenga, na karakana yangu haikosi kazi. Joto na baridi ndiyo elimu yangu. Nikisema chumba kitafika nyuzi mbili, kinafika nyuzi mbili.

Usinge nilikwenda kumpelekea pampu ya maji rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye sasa ni mkulima wa tumbaku. Nilifuatana na rafiki yetu mwingine, fundi redio wa Mtendeni. Tulifika mchana. Jioni ile mvua ikanyesha, na asubuhi daraja la magogo tulilolipita lilikuwa limechukuliwa na maji. Upande wa pili wa mto niliona alama za matairi yangu zikiishia majini.

Siku hiyohiyo mwenyeji wetu akaangushwa na malaria.

Bani lake alikuwa ndiyo kwanza amelijaza. Bani ni nyumba ndefu ya matofali wanamokaushia tumbaku. Majani yananing'inia juu kwenye fito, ngazi juu ya ngazi, na chini yanapita mabomba yanayotoa joto kutoka kwenye tanuri la nje. Moto ukishawashwa hauzimwi mpaka wiki ipite. Ukipungua, tumbaku inaoza rangi, ukizidi, inababuka. Alituita kitandani, meno yanagongana.

"Mwaka jana bani liliungua lote," alisema. "Mwaka huu nikiharibikiwa tena, shamba linarudi kwa kaka yangu, na mimi nakwenda Urambo kukata kuni za watu. Mnanisikia?"

"Lala, ndugu yangu," nikamwambia. "Umepata mtaalamu wa joto mwenye cheti."

"Cheti kiache mfukoni. Nyimbo nne, gogo moja."

Marehemu baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Unaimba nyimbo nne za kanisani kwao, Katoliki, kisha unasimama, unachungulia kipimajoto kwenye kioo kidogo cha ukutani, unatia gogo moja. Nilimwambia saa ipo kwenye simu.

"Simu inazima," alisema. "Halafu anayeimba halali."

Tatizo ni kwamba nyimbo za Kikatoliki hatukuzijua. Mimi ni Mmoravian, na fundi ni Mwislamu wa mjini ambaye babu zake walikuja na misafara ya pembe za ndovu kutoka Manyema, huko Kongo. Basi akatoa spika yake ndogo, akaichaji kwa sola, akaweka sheria: kila mtu apige wimbo ambao mwenzake hajawahi kuusikia, na hakuna kunyanyuka kabla haujaisha. "Kumwachia mtu wimbo wake njiani ni sawa na kumwachia chakula mezani," alisema.

Nilianza na sauti ya bibi mmoja wa visiwa vya Uskoti, anaimba peke yake bila hata ngoma.

"Huyu mama hana majirani?" fundi akauliza. "Hata mmoja wa kumpigia makofi?"

"Huo ni utamaduni, bwana. Huwezi kuuelewa."

Mke wa mwenyeji wetu alikuwa anapita na ndoo. Akasimama kidogo. "Mwacheni, shemeji. Huyo yuko kazini. Sikieni pumzi yake inapokatika, kuna kitu kizito anavuta."

Miaka tisa nimeupenda wimbo ule na sikuwahi kusikia kwamba mwimbaji anavuta kitu. Baada ya hapo sikuweza kuusikia vingine.

Fundi naye akapiga mzee wa Kigoma aliyemrekodi dukani kwake, anacheza zeze huku ananong'ona kama anayemwambia ng'ombe siri. Nikasema huyo anakwangua sufuria. Nikampigia roki. Gitaa lilipopanda juu, fundi akaziba masikio. "Mbuzi ameona kisu!" Lakini mguu wake ulikuwa unagonga chini, nikauona. Wimbo wa nne ulipoisha tukachungulia kioo, tukatia gogo. Tukaendelea hivyo, zamu kwa zamu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku ya tatu niliichukia Usinge. Nilikuwa nashuka mtoni kila asubuhi kutazama maji, na kila asubuhi yalikuwa yamelamba hatua mbili zaidi. Mtandao haukuwepo. Moshi uliingia kwenye shati, kwenye nywele, kwenye uji. Uskoti nilifungiwa na theluji mara nyingi, lakini chini ya theluji kulikuwa na barabara. Hapa nilikuwa nakaa kwenye kigoda mbele ya mdomo wa tanuri, na hata kwenda kujinyoosha ilibidi nisubiri mzee wa zeze amalize siri zake.

"Babu yangu alipita njia hii amebeba mzigo wa mtu," fundi alisema akiburuta kuni. "Na mimi mjukuu nimeletwa kwa gari hadi hapahapa, nibebe mzigo wa mtu. Ninyi Wanyamwezi mna jambo na sisi."

"Sisi ndio tuliobeba. Babu yako alikuwa anahesabu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa hewa yetu.

Siku ya nne majani yalikuwa yamekwisha kuwa ya njano. Mwenyeji alituonya kwamba siku hiyo ndiyo mbaya: joto linapandishwa kidogo kidogo, maana jani bado lina maji, na likishtuliwa linageuka kahawia halirudi. Homa ilikuwa imempungua, akapitiwa na usingizi.

Mimi nilikuwa na wimbo nilioutunza tangu siku ya kwanza. Ni roki iliyorekodiwa ukumbini mbele ya watu, kinanda na magitaa mawili, na haupungui dakika ishirini na tano. Nilitaka fundi ausikie wote. Nilijua kanuni ya gogo moja haitautosha. Kwa hiyo nikapiga hesabu zangu za kitaalamu, nikatia magogo matatu kwa mpigo, makavu, nikakaa.

"Matatu?" fundi akauliza.

"Yatawaka taratibu. Mimi najua ninachofanya."

Wimbo ukaanza polepole. Kwa mara ya kwanza fundi hakutoa kejeli. Alifumba macho. Kinanda kilipobaki peke yake aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza injini ya mtu mwingine. Katikati akafumbua macho.

"Tukachungulie?"

"Ngoja. Kipande kizuri ndiyo kinakuja. Na sheria ni yako."

Akangoja. Watu wa ukumbini walikuwa wanapiga makofi niliposikia harufu. Bani likienda vizuri hunukia kama asali inayopashwa. Hii ilikuwa harufu ya chapati iliyosahauliwa. Nikakimbilia kioo. Kipimajoto kilikuwa kimepita sitini, na siku ile hakikutakiwa kuvuka hamsini. Tukavuta kuni nje kwa mikono, tukafungua matundu ya hewa, fundi akaungua kidole.

Mwenyeji akatoka amejifunga blanketi. Alichungulia kwa muda mrefu. Mkewe alisimama nyuma yake.

"Nani aliweka kuni?"

"Tuliweka sisi," fundi akasema.

"Hicho kipimajoto chako kina kasoro," nikasema mimi.

"Shemeji," mkewe akasema, "kipimajoto hicho kilimkaushia baba mkwe tumbaku mpaka anakufa."

Nitasema ukweli. Kama barabara ingekuwa nzima, ningewasha gari. Ningesema nina wateja, ningewaachia kipimajoto chao, na kufika Tabora ningekuwa nimeshaamini kwamba kweli kilikuwa kibovu. Lakini pale palikuwa na tanuri, mto, na watu watatu ambao ningekula nao chakula cha jioni, na kesho, na keshokutwa.

"Ni mimi," nikasema. "Niliweka matatu. Mwenzangu alitaka kutazama, nikamzuia."

Mwenyeji hakunitukana. Heri angenitukana. "Moto usife," alisema. "Ngazi za juu huenda zimepona." Akavuta kigoda akakaa mwenyewe mbele ya tanuri, anatetemeka. Spika ikarudi mfukoni. Siku tatu zilizobaki aliimba yeye, kwa sauti ya mgonjwa, nyimbo nne, gogo moja, nasi tukapokezana kubeba kuni.

Bani lilipofunguliwa, ngazi mbili za chini zilikuwa kahawia, zinavunjika mkononi. Za juu zilikuwa njano. Mkewe alizitenganisha sakafuni, mafungu mawili, na la kahawia likawa kubwa kuliko nilivyoomba.

"Inatosha?" nikauliza.

"Peke yake haitoshi," mwenyeji akasema. "Nikilijaza bani mara ya pili likatoka safi, nitabaki hapa."

Siku ya tisa tangu tufike maji yalipungua, trekta ikaanza kuvusha watu na kuvuta magari. Fundi akafunga mzigo wake. Dukani kwake redio za watu zilikuwa zinamsubiri. Mimi nilikuwa nimeshika ufunguo wa gari. Mwenyeji alikuwa anafunga majani mabichi kwenye fito, mikono bado haina nguvu, na hakunitazama. Hakuniomba kitu. Kamba ilimponyoka mara mbili.

Nikampa fundi ufunguo. "Endesha polepole. Klachi ni nzito."

"Na wewe?"

"Mimi nina bani."

Nilikaa siku nane zaidi. Nilijifunza nyimbo kumi na mbili za Kikatoliki, nikaziimba vibaya, sikutia magogo mawili kwa mpigo hata mara moja. Na niseme bila aibu, maana ni kweli: bani lile lilitoka njano kuanzia chini hadi juu. Mwenyeji alichukua jani moja la ngazi ya chini, akalinusa, akalikunja, akalikunjua. Halikuvunjika. Akaingia ndani kumwambia mkewe kwamba kaka yake asitumiwe ujumbe wa kuja kuchukua shamba.